Nililipia Drop Leaf, nikauziwa makelele ya DJ

Elfu kumi yangu imekwenda na sijui nimlilie nani. Kuna kibanda kimoja Kariakoo wanajaza watu nyimbo kwenye flashi. Juzijuzi nikapita, nikamwambia kijana: nitafutie riddim ya Drop Leaf kamili, yaani ule mdundo mmoja wa reggae ambao kila mwimbaji anauimbia wimbo wake, waimbaji wote, kila wimbo peke yake. Sitaki miksi. Nikarudia tena, sitaki miksi. "Usijali mzee, ninayo."

Nafika nyumbani, nachomeka kwenye sabufa. Ngoma inaingia, besi inakaa. Mpenzi yeyote wa reggae anajua hapo ndipo pumzi inaposhikwa, maana mdundo tayari unaufahamu, unachosubiri ni nani ataukalia safari hii na kwa sauti gani. Mwimbaji wa kwanza, Jah Cure, ndiyo kwanza anafungua mdomo... DJ huyo! Anataja jina lake, anataja mtaa wake, anatoa namba ya simu, anamalizia na king'ora. Wimbo wa pili hivyohivyo. Wa tatu. Palepale sauti inapoingia, kama kalipwa anikere.

Nikarudi. Kijana hata macho hakunyanyua kwenye simu yake. "Mzee, si mdundo ni mmoja? Ukisikia wimbo mmoja umesikia zote. Unalalamikia nini sasa?"

Nilitetemeka. Kwa hiyo tangu mtayarishaji wa Jamaika, Rupie Edwards, aijaze albamu ya Yamaha Skank mdundo mmoja mwanzo mwisho, mwaka 1974, watu wananunua wimbo uleule mara kumi? Chukua Drop Leaf: juu ya mdundo huohuo mmoja wa mtayarishaji Don Corleon, Jah Cure analia kwa hamu ya mapenzi, na wimbo ukatamba mwenyewe yuko gerezani. Hakuachiwa mpaka Julai 2007. Wanakuja vijana wa kundi la T.O.K., tuliozoea kuwasikia wakirusha watu ukumbini: humo ni msiba mtupu. Morgan Heritage nao wamejaa maswali. Besi haijasogea hata chembe! Kama hizo ni wimbo mmoja, basi na ibada ya ndoa ni sawa na ya mazishi, si kinanda ni kilekile?

Nilikuja hapa niwape sifuri. Ila niseme kweli, hii riddim imeyashinda hata hayo makelele, maana nimeicheza kwenye gari wiki nzima huku nikitukana. Na yule kijana ana nyimbo za zamani ambazo sijazikuta kwingine, kwa hiyo nendeni tu, lakini sikilizeni kabla ya kutoa hela. Hapana, msiende. Muuza muziki anayeona nyimbo zote ni moja atakuuzia nini?

Nakala safi, isiyo na DJ, nimeipata mtandaoni, nimelipa mara ya pili. Jana naipiga, Jah Cure anataka kuingia, binti yangu kiti cha nyuma akamuwahi: jina la DJ, mtaa, namba ya simu yote bila kukosea, na king'ora juu.