Gereji inayotoza ada ya kupima: tathmini ya huduma na ya ankara yake

Gereji ninayoitathmini hapa ilipokea gari langu likiwa na matatizo mawili: breki za mbele zilikuwa zikikwaruza kila zinapokanyagwa, na taa ya injini kwenye dashibodi ilikuwa imewaka na haizimiki. Hizo ni kazi za kila siku, na kwa sababu hiyo zinafaa sana kupimia haki ya bei, maana hakuna fundi anayeweza kusingizia ugeni wa tatizo. Kwa jumla naona gereji hii inatoza bei ya haki, ijapokuwa si bei ya chini, na tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike; lakini katika ankara yake kulikuwa na mistari miwili ambayo siwezi kuitetea.

Nianze na ada ya kupima, kwa kuwa ndiyo inayowaudhi wateja wengi. Kabla hata ya kufungua boneti, niliambiwa waziwazi kwamba kutafuta chanzo cha tatizo ni kazi inayolipiwa, hata kama mwenye gari ataamua kwenda kutengeneza kwingine. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya haki kuliko zote katika bei yao. Fundi anayepima bure hupata riziki yake katika kipuri atakachokuuzia, kwa hiyo anayo kila sababu ya kukuta kipuri kibovu; anayelipwa kwa kupima anaweza kukuambia kwamba hakuna cha kununua na bado akawa amefanya kazi ya siku.

Taa ya injini ilionyesha jambo hilo vizuri. Mashine ya kusomea hitilafu huchomekwa kwenye tundu ambalo magari mapya ya abiria yanayouzwa Marekani yamelazimika kuwa nalo, kwa mfumo mmoja, tangu modeli za mwaka 1996, na ambalo leo liko karibu katika kila gari. Watu hudhani mashine hiyo hutaja kipuri kilichoharibika, kumbe hutaja tu kile ambacho kompyuta ya gari imekiona. Kodi, yaani namba ya hitilafu, iliyotoka katika gari langu ni P0420, yaani kisafisha moshi hakifanyi kazi kwa kiwango kinachotarajiwa. Sababu yake yaweza kuwa kisafisha moshi chenyewe, ambacho ni ghali kwa kuwa ndani yake mna madini ya thamani kama platinamu na paladiamu. Yaweza pia kuwa sensa ya oksijeni inayodanganya, au bomba la ekzosi linalovuja na kuingiza hewa ya nje karibu na sensa hiyo. Fundi aliyesoma kodi na kuagiza kisafisha moshi papo hapo hajapima chochote. Fundi wa gereji hii alifuata bomba lote la ekzosi akakuta gasketi, kizibo chembamba cha kwenye maungio ya bomba, imepasuka, akaibadilisha, akafuta kodi, kisha akaliendesha gari hadi lilipomaliza kujikagua bila taa kurudi. Ada ya kupima ilizidi bei ya gasketi kwa mbali, nami niliilipa kwa moyo mkunjufu.

Katika breki nilipenda kwamba kila neno liliambatana na kipimo. Pedi mpya, yaani vile vibao vinavyoibana diski inayozunguka na gurudumu, kwa kawaida huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 za sehemu inayosugua, na mafundi wengi hushauri zibadilishwe zinapofikia milimita 3. Diski nazo hazihukumiwi kwa macho: unene wa chini unaoruhusiwa huandikwa na mtengenezaji, mara nyingi ukiwa umechongwa kwenye diski yenyewe, na yeyote mwenye kipimo anaweza kulinganisha. Zangu zilikuwa zimeshuka chini ya kiwango hicho, na nilionyeshwa tarakimu zote mbili. Mteja akiambiwa tu kwamba diski zimekwisha, bila tarakimu, hajapewa sababu ya kulipa.

Kuhusu vipuri, niliwekewa mbele machaguo: vya kwenye boksi la kampuni ya gari, vya watengenezaji wanaouza kwa majina yao wenyewe, na vya bei ya chini. La katikati mara nyingi ndilo lenye busara, kwa kuwa kampuni kama Bosch, Denso na NGK huvipatia viwanda vya magari vipuri na pia huviuza katika boksi zao kwa bei nafuu. Gereji iliongeza faida yake juu ya bei ya dukani, jambo ambalo wengi huliita wizi. Sikubaliani nao. Faida hiyo ndiyo inayobeba dhamana: pedi zikiwa mbovu, wao ndio watakaozifungua na kufunga nyingine bila kudai tena ufundi, yaani malipo ya kazi ya mikono, ilhali ukileta kipuri chako mwenyewe hasara ni yako. Gereji inayoongeza faida kisha ikakataa kuandika dhamana, hiyo kweli inastahili lawama.

Sasa nifike kwenye ufundi, ambako ndiko kasoro zilikojificha. Gereji hutoza kwa saa za kawaida za kila kazi, kama zinavyoorodheshwa katika vitabu vya muda wa matengenezo, si kwa saa ambazo fundi alizitumia hasa. Huo ni utaratibu wa haki, hata pale fundi anapomaliza mapema, kwa sababu ukimlipa kwa saa alizoinama unamwadhibu kwa umahiri wake. Na bolti ikigoma ikamlia nusu ya siku, mzigo huo haumwangukii mteja. Lakini utaratibu huo una sharti lake. Huwezi kufikia diski bila kwanza kuondoa pedi na kalipa, kifaa kinachozishika na kuzikandamiza pedi hizo, hivyo anayebadilisha diski amekwisha kufanya karibu kazi yote ya pedi. Ankara yangu ilikuwa na ufundi kamili wa pedi, na chini yake ufundi kamili wa diski, yaani gurudumu lile lile limefunguliwa mara mbili kwenye karatasi. Nilipouliza, waliufuta mstari ule bila ubishi. Hata hivyo haki haipaswi kungoja mteja ajue kalipa iko wapi, kwa kuwa wengi hawajui na watalipa.

Mstari wa pili ulikuwa wa vifaa vidogo vidogo, uliokokotolewa kama asilimia ya ankara nzima. Grisi na dawa ya kusafishia breki haziongezeki kwa sababu diski ni ghali. Ziandikwe kwa bei yake. Huo waliukataa kuuondoa.

Vipuri vya zamani nilikabidhiwa vyote, gasketi iliyopasuka ikiwamo. Kazi inayofuata ni mkanda wa taiming, ule unaoziendesha vali za injini kwa wakati wake, na nitaipeleka kwao, kwa sharti kwamba makadirio yaandikwe kabla gari halijaguswa, na kwamba pampu ya maji, ambayo katika injini yangu iko nyuma ya mkanda huo huo, itozwe kipuri na nyongeza ya muda wake tu.