Wakala wa walimu wa Kiingereza Bangkok: uzoefu wangu, nyota 3 kwa 5

Nyota hizo tatu nampa wakala kwa jambo moja tu: anatupatia sisi walimu wa Afrika Mashariki nafasi ambazo tukiomba wenyewe hatujibiwi. Matangazo mengi ya kazi kwenye ajarn.com, tovuti ambako shule nyingi za Thailand hutafuta walimu, yanataka wazungumzaji wazawa, yaani Mwingereza, Mmarekani na wenzao. Mkenya au Mtanzania anawekwa kundi la pili hata kama shahada yake yote ameisomea kwa Kiingereza. Wakala ana shule zake za kujazia walimu, na Mei ikikaribia hachagui sana.

Muhula wa kwanza huanza katikati ya Mei, wa pili karibu na Novemba mosi. Kwa hiyo omba Machi hadi mwanzo wa Mei, au Oktoba. Ukitua Desemba utakula akiba yako bure.

Sasa mshahara. Shule inamlipa wakala, wakala anakulipa wewe, na katikati hapo ndipo anapokula. Ofa nyingi kwa walimu wetu ni baht (fedha ya Thailand) 25,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Wengi hubishania kiasi hicho wakasahau kuuliza miezi. Mikataba mingi ya mawakala ni ya miezi 10: Aprili na Oktoba shule zikifungwa hulipwi, na kodi ya nyumba inadaiwa vilevile. Baht 30,000 kwa miezi 10 ni 300,000 kwa mwaka. 26,000 kwa miezi 12 ni 312,000. Ofa inayoonekana ndogo ndiyo kubwa.

Makaratasi yaanzie nyumbani, maana kuyatafuta ukiwa huko ni gharama na usumbufu. Beba shahada halisi na orodha ya matokeo, barua ya chuo inayothibitisha kwamba shahada ni yako, cheti cha tabia njema cha polisi, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hiyo kadi huangaliwa uwanja wa ndege kabla hata ya uhamiaji, na chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya safari. Kwa asiye mzawa wa lugha huongezwa mtihani wa Kiingereza, kwa kawaida TOEIC alama 600 kwenda juu kati ya 990. Ni maswali 200 kwa saa mbili, kusikiliza na kusoma. Si mgumu, ila sehemu ya kusoma huwamalizia muda watu wanaojiamini kupita kiasi. Matokeo yanadumu miaka miwili.

Kikwazo kinachotukwamisha sisi hasa ni majina. Shahada ina majina matatu, pasi ya kusafiria ina mawili, au herufi moja imepotea. Ofisi za Thailand hulinganisha herufi kwa herufi. Rekebisha au apa kiapo kwa wakili kabla ya kuondoka.

Usaili wenyewe una darasa la majaribio la dakika 15 hadi 30. Vaa rasmi, beba picha, wafanye watoto waongee. Anayesimama kueleza sarufi anaanguka, maana darasa la kawaida la shule ya serikali lina watoto 40 au zaidi. Kuhusu matamshi, jua kwamba Wathai huangusha konsonanti za mwisho: "like" na "life" zote hutoka "lai". (Sisi tunaongeza irabu mwishoni, wao wanakata. Tunakutana njiani.)

Nyota mbili nilizomnyima ni kwa ajili ya sentensi moja: "Anza kazi, kibali kinakuja." Kufundisha bila kibali cha kazi ni faini ya baht 5,000 hadi 50,000 na kurudishwa kwenu, na anayekamatwa darasani ni wewe. Njia salama ni viza ya Non-Immigrant B, yaani viza ya kazi, inayoombwa mtandaoni kupitia ubalozi ukiwa bado nyumbani, kwa barua za shule. Ukiwa tayari umeingia kwa viza ya utalii, unaweza kuibadilisha ndani ya nchi kama zimebaki siku zisizopungua 15, kwa baht 2,000. Wakala akikuchelewesha mpaka zibaki kumi, imekula kwako. Muulize pia kibali kitaandikwa jina la mwajiri gani na eneo gani la kazi, kwa sababu wapo wanaokuhamisha shule katikati ya muhula bila kukibadilisha.

Na usimruhusu akae na pasi yako.

Ukitaka kuhamia shule inayoajiri moja kwa moja, panga tarehe na pande zote mbili kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Ruhusa yako ya kukaa imefungwa kwenye ajira hiyo: ajira ikiisha leo, nayo imeisha leo, na kila siku unayozidisha ni baht 500.