Uzoefu wangu wa kuwekewa stenti kwenye vena ya nyonga

Tangu damu igande kwenye mguu wangu wa kushoto baada ya uzazi, mguu huo ulikuwa ukivimba na kuwa mzito kila ifikapo jioni. Ultrasaundi za mguu hazikuonesha chanzo, kwa kuwa tatizo lilikuwa juu zaidi, chini ya kitovu, pale ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ya upande wa kulia inapoikatiza vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya kushoto na kuibana kwenye uti wa mgongo. Hali hiyo huitwa May-Thurner, kwa majina ya madaktari walioieleza mwaka 1957.

Tiba ilikuwa stenti, yaani kibomba cha wavu kinachouweka mshipa wazi, na sikupasuliwa. Daktari wa radiolojia alinichoma ganzi, akatoboa vena ya paja kwa sindano na kupitisha waya mwembamba, kisha katheta, yaani mrija mwembamba, yenye ultrasaundi ndogo kwenye ncha yake, inayoupima mshipa kutokea ndani. Hatua hiyo naisifu kuliko zote, kwa sababu eksirei inayopigwa baada ya kutia dawa ya rangi mshipani huonesha kivuli tu, na vena iliyobanwa ikawa bapa huweza kuonekana pana kabisa ikitazamwa kwa mbele. Puto la kuutanua mshipa lilipojazwa nilisikia maumivu makali kiunoni, nayo yakatulia puto liliponywea. Stenti yenyewe ni wavu wa nikeli na titani unaotanuka wenyewe. Yangu ina kipenyo cha milimita 16, ilhali zile za moyo mara nyingi huwa kati ya milimita 2 na 4.

Nilirudi nyumbani kesho yake nikiwa na bandeji ndogo tu kwenye kinena, lakini kiuno kiliendelea kuuma kwa wiki kadhaa, na ningependa kila mgonjwa aelezwe jambo hilo mapema ili asiingiwe na hofu. Dawa za kuzuia damu isigande zinamezwa bila kuruka hata siku moja, kwani stenti mpya inaweza kuziba.

Uvimbe umepungua sana, na mifupa ya kifundo cha mguu inaonekana tena. Soksi za kubana bado ninazivaa, maana stenti haitengenezi vali za vena (vilango vinavyozuia damu isirudi chini) zilizokwisha kuharibiwa na damu iliyoganda. Kwa mwenye mateso kama yangu ninaipendekeza kwa moyo wote, mradi aulize kwanza kama mshipa utapimwa kutokea ndani. Asiye na dalili yoyote, ambaye kubanwa huko kumeonekana tu kwenye picha iliyopigwa kwa sababu nyingine, hana haja nayo, kwani watu wengi huishi hivyo bila madhara.