Banda la msaada wa kisheria: nilienda na kesi ya mdokozi, nikarudi na yangu

Nina duka la rejareja huku Mbagala. Mwezi uliopita kijana wa jirani, mtu mzima wa miaka 24, alichomoa pakiti ya sukari nusu kilo wakati nahesabu chenji. Nikamdaka mkono, nikamnasa kofi. "Mwizi" sikusema. Mtaani kwetu ukipaza sauti "mwizi" unaweza kuua mtu. Nilisema "mdokozi wewe!", watu wakacheka, yakaisha.

Ila ilikuwa mara ya nne, kwa hiyo banda la msaada wa kisheria lilipokuja karibu na ofisi ya kata nikafunga duka nikaenda. Huduma ni bure, ndivyo inavyosema Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, basi mtu asikuombe hata ya soda. Mimi sikuombwa.

Aliyenihudumia ni binti mdogo tu. Shikamoo kwanza, halafu akaniacha nimalize, jambo ambalo mume wangu hajaliweza mpaka leo. Nikamwambia, mwanangu, hili ni kosa dogo, nataka atishwe kidogo tu. Akasema, "Mama, kwenye Kanuni ya Adhabu hakuna udokozi. Kuna wizi." Na udogo wa kosa sheria haiupimi kwa mizani ya dukani. Inaangalia kifungo kilichowekwa: kosa likibeba miaka mitatu au zaidi, kwa kawaida limeshaingia kwenye makosa makubwa. Wizi wa kawaida unafika miaka 7, iwe sukari, iwe televisheni. Hakimu halazimiki kuitoa yote, lakini kosa linabaki kwenye kundi hilohilo.

Nikauliza, sasa dogo ni lipi?

"Lile kofi, mama."

Linaitwa shambulio la kawaida. Na ni langu mimi!

Hapo ndipo ninapowanyima nyota moja. Viti vya plastiki vimebanana goti kwa goti, na muuza samaki aliyekuwa nyuma yangu alisikia neno kwa neno. Kufika magharibi nilishaitwa "mshtakiwa" mpaka na watoto. Halafu walitangaza saa tatu, wakaanza saa nne na nusu. Kipeperushi nacho nusu yake Kiingereza, wakati tangu 2021 sheria imeshatamka kwamba lugha ya mahakama ni Kiswahili. Nimefungia karanga.

Kwenda kituoni ni haki yangu, binti alisema, ila nijue nampeleka mtoto wa watu kwa kosa la uzito gani. Bado sijaenda. Sukari nimeihamishia kwenye rafu ya nyuma, na yule kijana siku hizi ananiamkia kwa mbali.

Nyota nne. Ukienda wahi, na ongea kwa kunong'ona.