Uzoefu wangu na Proxmox: klasta ya kompyuta tatu katika duka la vifaa vya ujenzi

Katika duka letu la jumla hapa Morogoro, hesabu zote za saruji, nondo na mabati, pamoja na madeni ya mafundi wanaochukua mali kwa mkopo, zilikuwa zikikaa ndani ya kompyuta moja ya kaunta. Diski yake ilipokufa tuliandika mauzo kwenye daftari kwa siku mbili, na madeni tukayakusanya kwa kuaminiana tu. Baada ya hapo nilinunua kompyuta tatu za mezani zilizokwisha kutumika, kila moja ikiwa na RAM ya gigabaiti 16, nikazitia diski mpya za SSD, nikaziunganisha kwa swichi moja ya mtandao na kuzisimika Proxmox VE.

Huu ni mfumo wa programu huria wa kuunganisha kompyuta kadhaa ziwe klasta, yaani kundi linalosimamiwa kama kitu kimoja. Umejengwa juu ya Debian (aina ya Linux) na kampuni ya Vienna, Austria, ambayo ilitoa toleo la kwanza mwaka 2008. Hakuna malipo ya lazima. Anayetaka msaada wa kampuni na masasisho yaliyopimwa zaidi hulipia usajili wa mwaka. Mimi sijalipia, na kila ninapoingia hukumbushwa kwamba sina usajili, jambo ambalo halijazuia kazi yoyote.

Wengi huniuliza kwa nini tatu. Sababu ni akidi. Kila kompyuta ina kura moja, na klasta haifanyi uamuzi mpaka zaidi ya nusu ya kura ziwepo, kama kikao kisivyoweza kupitisha jambo wajumbe wasipotimia. Zikiwa mbili na waya ukakatika, hakuna inayoweza kujua kama nyingine imezimika au haisikiki tu, na zikiendelea zote mbili, hesabu za duka zitaandikwa mahali pawili na kupingana. (Mwenye kompyuta mbili anaweza kuongeza Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana, iwe mpiga kura tu.)

Uzito wa akidi niliujua siku ya Jumamosi, duka likiwa limejaa. Kompyuta zote zilikuwa kwenye UPS (betri ya akiba), lakini swichi nilikuwa nimeichomeka ukutani. Umeme ulipokatika, kompyuta zilibaki zikiwaka bila kusikiana, kila moja ikajikuta haina akidi, na baada ya kama dakika moja zikajiwasha upya zenyewe, kwa kuwa ndivyo ulinzi wake ulivyopangwa ili zisiharibu data. Jioni hiyohiyo swichi ilihamia kwenye UPS.

Baadaye nilichomoa kwa makusudi umeme wa kompyuta iliyobeba mfumo wa mauzo. Kaunta ilisimama, na baada ya dakika tatu hivi mfumo ukawa umewaka kwenye kompyuta ya pili bila mtu kugusa chochote. Ankara mbili, hata hivyo, hazikuwapo. Diski zangu, zinazotumia mfumo wa kuhifadhi data uitwao ZFS, hunakiliwa kwenda kompyuta nyingine kwa vipindi, ambavyo kwa kawaida ni kila dakika 15 na mimi nimevipunguza hadi 5, hivyo kilichoandikwa baada ya nakala ya mwisho hupotea. Tuliziingiza upya kutoka kwenye karatasi. Ceph, mfumo unaoandika data kwenye kompyuta kadhaa papo hapo, ingeziba pengo hilo, lakini hutaka mtandao wa kasi kubwa na RAM nyingi, gharama ambayo duka la ukubwa wetu haliihitaji.

Anayetarajia programu yake ya mauzo iende kasi mara tatu atakuwa amekosea klasta. Klasta ya Beowulf, iliyojengwa NASA mwaka 1994, ilikuwa na kompyuta 16 zilizogawana hesabu moja. Hizi zangu zinapokezana mzigo, na programu moja hukaa kwenye kompyuta moja kwa wakati mmoja.

Tena, klasta si nakala ya akiba: karani akifuta orodha ya wadaiwa kimakosa, ufutaji huo nao utanakiliwa kote baada ya dakika chache. Kwa hiyo kila usiku Proxmox huandika nakala kamili kwenye diski ya nje, nami ninazo diski mbili zinazopokezana, moja ikiwa dukani na nyingine nyumbani.