Through the Woods ya 1936: nunua kitabu kizima, si kurasa zilizokatwa

Anayetaka michongo ya msanii Agnes Miller Parker, yaani picha zilizochongwa kwenye mti kisha kuchapwa kwa wino, nyumbani kwake bila kugombania chapa (picha zilizochapwa moja moja) zenye saini mnadani, aanze na kitabu hiki. Parker, mzaliwa wa Irvine huko Scotland aliyesoma Glasgow School of Art, alikichongea picha 73 za viumbe na mimea ya misitu ya Uingereza. Maandishi ni ya H. E. Bates, na kilitolewa na Victor Gollancz wa London.

Uzuri wake uko kwenye weusi. Mchongo wa aina hii hufanywa pale shina lilipokatwa kukingama, si ubavuni mwa ubao, ndiyo maana kichongeo hugeuka upande wowote bila kuupasua mti. Kinachochongwa hutoka cheupe, kinachoachwa hubeba wino. Shika lenzi utazame manyoya: mstari mweupe huanza kama unywele, hunenepa kidogo, kisha huchongoka tena, na jirani yake haguswi. Kazi safi mno!

Hapohapo ndipo pa kuipimia nakala. Wino ukizidi, mistari hiyo huziba na manyoya hugeuka doa. Ukipungua, sehemu nyeusi huonyesha vitundu vya kijivu. Toleo la baadaye likitengenezwa kwa kupiga picha kurasa za zamani, mistari myembamba ndiyo hupotea kwanza. Kwa hiyo tafuta la 1936, hata kama jalada lake limechakaa.

Kuna wauzaji wanaokata kurasa, wanazitia kwenye fremu na kuziita chapa halisi. Omba picha ya nyuma ya karatasi. Ukikuta maandishi ya kitabu, huo ni ukurasa, na bei yake iwe ya ukurasa. Chapa iliyotolewa peke yake kwa kawaida ina pambizo pana na saini ya penseli chini ya picha. Muuzaji akikataa kufungua fremu, achana naye.

Madoa madogo ya kahawia hutokana na unyevu. Yakiwa pambizoni tu, nunua. Yakiwa juu ya picha, punguziwe bei au uache. Usiyaguse kwa jiki, maana hula karatasi. Weka kitabu mbali na jua, penye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na usikibane rafuni.