Uzoefu wangu: mashine ya mawimbi ya sauti na kabureta za Honda CB200 ya mwaka 1975

Ninaishi Tanga, mahali pasipofika kilomita moja kutoka baharini, na kwa miaka sita nimekuwa nikiitunza Honda CB200 aliyoiacha marehemu baba. Injini yake ya sentimita za ujazo 198 ina silinda mbili, kila silinda na kabureta yake ya Keihin (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), na kabureta hizo zimekaa wazi chini ya tangi, kiasi kwamba mtu akisimama kuitazama pikipiki macho yake hutua hapo. Zangu zilikuwa hazitazamiki. Upepo wa chumvi ulikuwa umezitia vidoa vyeupe kama chokaa, petroli iliyovuja kwa miaka mingi ilikuwa imeacha utando wa rangi ya kahawia, na juu ya hayo yote kuna fundi aliyewahi kuzipulizia rangi ya fedha, ambayo petroli ilikwisha kuibambua nusu. Novemba iliyopita nilinunua mashine ya kusafishia vyuma kwa mawimbi ya sauti, yenye beseni la lita 3 na kipasha maji, kwa shilingi 290,000. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyaona mwenyewe katika miezi saba ya kuitumia.

Mashine ni beseni la chuma kisichoshika kutu, na chini yake kuna vitetemeshi vinavyoyatikisa maji mara 40,000 kwa sekunde. Mtikisiko huo huzaa mapovu madogo mno ambayo hupasuka yakiwa yameshikana na chuma, na kupasuka huko ndiko kunakong'oa uchafu, hata ndani ya vijitundu ambavyo waya wala brashi haviwezi kupita. Kabla ya kutia kabureta nilizamisha kipande cha foili ya alumini, ile ya jikoni, na baada ya dakika moja hivi kikatoka na matundu kama kilichodungwa sindano. Jaribio hilo ninamshauri kila anayenunua mashine ya namna hii alifanye dukani, mbele ya muuzaji.

Kufungua kabureta kulinichukua muda mrefu kuliko kuzisafisha. Skrubu za pikipiki za zamani za Kijapani zinafanana na za nyota za kawaida, lakini umbo la mfereji wake ni tofauti kidogo, na bisibisi ya nyota tuliyoizoea hupanda juu na kuila skrubu kichwa. Nilipopata bisibisi ya Kijapani iliyochongwa kwa ajili yake, skrubu zilizokuwa zimenishinda kwa siku mbili zilifunguka bila kuumia hata moja. Skrubu za hewa nilizizungusha kwanza kuelekea ndani mpaka zikagusa kwa upole, huku nikihesabu mizunguko na kuiandika, ndipo nikazitoa. Jeti (vipande vidogo vyenye tundu la kupimia petroli), boya, sindano na pistoni za kila kabureta niliziweka kwenye kopo lake, kwa sababu sehemu zilizozoeana kwa karibu miaka 50 hazifai kuchanganywa, na vitu vyote vya mpira nilivitoa kabisa.

Katika beseni nilitia maji ya nyuzi joto 55 na vijiko viwili vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Nilikiendesha kila kipande kwa dakika 20, nikakigeuza, nikarudia, na maji ya duru ya kwanza yalitoka meusi kama kahawa. Jeti za shaba zilirudi na rangi yake ya njano, na ile ndogo ya sailensa, yaani ya mngurumo wa chini injini ikiachwa bila kupewa mafuta, ambayo hapo awali sikuwahi kuona mwanga kupitia tundu lake, sasa ilionyesha duara safi nilipoiinua kuelekea juani. Kwa kazi ya ndani, sina kasoro ya kuitaja. Lazima tu niseme wazi kwamba petroli au kimiminika chochote kinachoshika moto hakifai kabisa kutiwa katika beseni linalopashwa kwa umeme, hata kama kuna mtu atakayekwambia amewahi kufanya hivyo na hakikutokea kitu.

Kwa upande wa sura, mashine peke yake haikunipa nilichokitaka. Ilitoa mafuta, utando na sehemu kubwa ya ile rangi ya fedha, lakini ilichoniachia ni chuma cha kijivu kilichofifia, na makovu ya chumvi yakaonekana zaidi kwa sababu hayakuwa na uchafu wa kuyafunika. Nilidhani sabuni ilikuwa dhaifu, nikatia dawa kali ya kuondolea grisi na kuacha mfuniko mmoja ndani kwa saa nzima. Ulitoka mweusi. Kabureta nyingi za miaka ile zilimiminwa kwa aloi ya zinki au ya alumini, na metali zote mbili hushambuliwa na dawa zenye magadi makali. Soda ya kutengenezea sabuni ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa haibadilishi rangi tu bali hukila chuma chenyewe. Ndimu nayo, ambayo mafundi wengi huisifu, ina tindikali inayoila zinki, na sioni sababu ya kuitumia wakati sabuni ya vyombo inatosha.

Hapo ndipo nilipogawa kazi mara mbili. Miili ya kabureta, yenye kona na mashimo mengi, niliisugua kwa brashi laini ya nyuzi za shaba, nikienda upande mmoja tu, mpaka ikapata wangavu wa utulivu unaofanana na chuma kipya kilichotoka kwenye kalibu. Mifuniko ya juu na bakuli za chini, ambazo uso wake ni laini, nilizipitishia msasa wa maji namba 400, kisha 600, 800 na 1000, halafu nikamalizia kwa Autosol, dawa ya kung'arishia vyuma, na kitambaa cha pamba. Ule mfuniko mweusi ulipona kwa njia hiyo hiyo, ingawa uliniumiza vidole jioni nzima. Baada ya kung'arisha nilirudisha kila kitu katika beseni kwa maji safi na sabuni kidogo, kwani dawa ya kung'arishia imejaa chembe za kusagia, na chembe moja ikibaki katika njia ya petroli itaharibu kazi yote iliyotangulia. Mwisho nilipuliza kila tundu kwa upepo wa kompresa, nikafunga kwa gasketi na oringi (pete za mpira za kuzuia kuvuja) mpya.

Sikupaka vanishi. Rangi ya mtu aliyenitangulia ilinionyesha petroli inavyoifanya rangi ya kawaida ya kopo. Badala yake ninafuta kabureta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila Jumamosi. Skrubu za zamani nilizibadilisha kwa za chuma kisichoshika kutu, lakini kila moja niliipaka grisi kwenye nyuzi zake, kwa kuwa katika hewa ya chumvi chuma cha aina hiyo kikikutana na alumini kikavu, alumini ndiyo inayoliwa na skrubu hukwama.

Pikipiki iliwaka kwa kiki ya pili, na sailensa ikatulia bila kumisi, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu baba alipokuwa akiiendesha. Kuhusu sura, mvua za masika zimenifundisha kuchagua. Mifuniko iliyong'aa kama kioo hufifia ndani ya wiki tatu na hunidai Autosol tena, ilhali miili niliyoisugua kwa brashi iko vile vile kama siku niliyoifunga. Kwa mtu wa pwani ninapendekeza wangavu wa brashi kwa kabureta nzima, na ndivyo nitakavyoifanya mifuniko yangu nitakapoifungua tena mwezi wa Agosti.

Mashine yenyewe ina dosari mbili: haina bomba la kumwagia maji, kwa hiyo hulazimika kuiinua nzima ikiwa imejaa, na kipimajoto chake husoma nyuzi kama 6 juu ya kile cha mkononi. Nimeiwekea alama ya kalamu kwenye 61.